Kulimiwa kwa Koo Kavu

Mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, ulevi wangu ulinigharimu maksai wawili, plau yao, na mke. Maksai na plau sikuvipata tena. Habari ya mke ndiyo nataka uisikie.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Kabla ya hapo mkulima alikuwa na mlango mmoja tu wa kuuzia, chama cha ushirika. Ghafla malori ya watu binafsi yakajaa Bariadi, kila moja na mizani yake, nami nikawa dalali. Nilijua mizani ipi inapunja na mnunuzi yupi ana haraka. Raha iliyoje! Mji mzima ulinuka pamba na vumbi, na kila mtu alinijua kwa jina. Shida ni kwamba biashara ilifungwa kwa chupa, na mimi nilifunga biashara nyingi.

Nakumbuka asubuhi niliyokwenda Ipililo kwa wakwe zangu, kumfuata mke wangu Minza aliyekuwa amerudi kwao na watoto. Baba mkwe hakunikaribisha kiti.

"Wewe ni dalali," akasema. "Maneno ndiyo mtaji wako, na mimi siyanunui. Minza atarudi siku nitakayosikia kwa mtu mwingine kwamba umeacha."

Nikarudi Bariadi nikiwa nimeishiwa mtaji huo wa maneno. Katekista mmoja akaniambia wapo watu walioacha pombe, wanasaidiana. Nikadhani wana ofisi na benchi la kungojea. "Wako shambani," akasema. "Jumamosi chukua jembe."

Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mfupi, Mayu Kabula, ambaye zamani alipika gongo na kuionja kuliko wateja wake. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," kisha nikaanza kazi yangu.

"Mayu, mimi nimekuja kuacha. Ila siku za mnada niachieni. Chupa moja tu."

"Wewe ngosha, mwanamume mzima," akanijibu, "hapa hakuna bei ya jumla wala ya rejareja. Shika mstari wako."

Nikashika. Tulilima kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na huku tunalima kila mmoja alisema wiki yake ilivyokwenda. Nilikuja kuelewa kwa nini hawakukaa kwenye viti. Ukisema jambo la aibu huku umeinama, na wenzako wameinama, hakuna macho ya kukutazama. Mchana tulikula michembe ya viazi vitamu na karanga, tukanywa uji. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliofunuliwa, nawakumbuka wale watu.

Zamu yangu ikafika. Sasa, unajua kwetu: ukiita watu wakulimie, unawapa pombe. Wakiondoka koo kavu, jirani watakusema mpaka wajukuu wako wasikie. Nikapiga hesabu, nikairudia, zote mbili zikanipa jibu moja: aibu. Nikanunua ndoo ya pombe ya mtama, nikaificha nyuma ya ghala. Nikajiambia asiyetaka hatakunywa, nami sitaigusa.

Harufu haijui kujificha. Mzee mmoja aliyekuwa mgeni kikundini aliacha jembe lake likiwa limesimama ardhini. Akainua pua, akageukia upande wa ghala.

Mayu Kabula akaenda nyuma ya ghala, akarudi. "Umetuita tukulimie au tukunywee?"

"Mayu, ni aibu watu waondoke hivi hivi."

"Aibu hiyo hiyo ndiyo iliyotunywesha sote. Leo ibebe wewe." Akawageukia wenzake. "Majembe begani."

Wakaondoka, shamba likiwa limelimwa nusu. Jirani zangu walicheka bila hata kujificha.

Nikajitwisha ile ndoo kichwani kuirudisha kwa muuzaji, mchana wa jua kali, na harufu ikinishukia puani. Njiani nani namkuta? Kaka yake Minza, ametumwa na baba mkwe aje kunichunguza.

"Shemeji! Kumbe bado!"

"Nairudisha."

"Wewe? Kurudisha pombe?" Akacheka hadi akashika magoti. "Twende, hiyo nataka kuiona."

Akanifuata nyuma mpaka kwa muuzaji, akaona ndoo ikipokelewa imejaa vilevile. Muuzaji alinirudishia nusu ya bei, na kwa mara ya kwanza sikubishana. Shemeji hakucheka tena. Akapanda baiskeli yake, akaenda Ipililo.

Jumamosi iliyofuata wenzangu walirudi, wakamaliza shamba. Nikawapa uji, jirani wakitazama. Baada ya mavuno, Minza alirudi na watoto.

Kwa hiyo, mwanangu, usijifungie ndani ukidhani utashinda pombe kimya kimya. Watafute wenzako walioacha: uliza kanisani, uliza msikitini, uliza zahanatini. Ukiwapata, usiwapangie masharti. Na ukarimu wowote unaodai chupa, ukatae mchana kweupe, wanaocheka wacheke. Mungu akupe usingizi mtamu na asubuhi isiyo na majuto.

Nami nina langu la kukuuliza. Siku hizi mashamba yanalimwa kwa trekta, na vijana wanaokuja kikundini kwetu ni wa bodaboda. Tukiwakalisha kwenye viti, wanatazamana na kunyamaza. Mikono yenu vijana tuipe kazi gani, ndipo midomo ifunguke? Nishauri.