Mafuta ya Parachichi kwenye Datsun ya Baba

Baba yangu, mzee Anyelwisye wa Kyimo, hajawahi kuwa tajiri, ila ana Datsun. Pikapu ya bluu. Imebeba ndizi, imebeba maharusi, ikabeba na jeneza la mama. Enzi za uhai wake, kila Jumamosi akitoka sokoni mama alichukua maparachichi yaliyoiva kupita kiasi, akayaponda kwenye kitambaa, akaisugua Datsun mpaka iwake. Baba anakaa kibarazani anamtania, "Esnath, leo umenisahau mimi?" Mama alipofariki, baba akaendelea kusugua mwenyewe.

Mwaka huu bluu ilianza kuchakaa, tukaipeleka Tukuyu kwa Khalidi, fundi rangi. Mimi nimembeba mwanangu mgongoni. Khalidi akapaka rangi kidogo mlangoni, ajaribu. Ikajikunja, ikaacha vitundu vitundu.

Akapitisha kidole, akanusa. "Mzee wangu, hili gari au kachumbari? Mafuta yamejaa! Hapa ni kung'oa yote mpaka bati."

"Bati?" Baba akasimama mbele ya mlango kama anazuia mwizi. "Rangi hii mke wangu kaihangaikia miaka yote. Ukiing'oa, nitarudi Kyimo na gari la nani?"

Khalidi akakuna kichwa. "Haya. Rangi yenyewe bado imeshika. Mafuta yakitoka, naikwaruza juu juu kwa msasa, mpya ishikie hapo. Ila yatoke kwanza. Ukiwahisha msasa, unayasukuma ndani."

Akaumwagia mlango maji. Yakajikusanya matone matone, kama kwenye jani la magimbi.

"Unaona? Bado yamo."

Baba akavua koti, akakataa kusaidiwa. Akaosha kwa sabuni na maji ya moto, halafu akafuta kwa kitambaa chenye tina, dawa ya mafundi ya kukata mafuta. Upande ukichafuka, anageuza. Alifuta kwa mizunguko midogo midogo, vilevile kama mama. Kwenye mlango wa abiria akakawia.

"Hapa alikuwa anakazana," akaniambia. "Alikuwa anajitazama."

Nilimbembeleza mtoto tu.

Khalidi akamwaga maji tena. Safari hii yakatandaa mlango mzima, hakuna tone lililojitenga.

"Imekubali, mzee!"

Akachukua msasa, akaanza taratibu. Mng'ao ukaondoka, bluu ikabaki imefifia, laini. Baba akanyoosha kiganja aiguse.

"Mzee, mkono! Una mafuta!"

Baba akacheka. "Ndaga, fundi, asante." Akaiweka mikono yote miwili mgongoni, akabaki anaitazama bluu ile.