Asumini Ilifika, Mimi Sikufika

Umeshawahi kufunga zawadi yako mwenyewe, kwa mikono yako mwenyewe, ili mtu usiyemjua akampe mtu mwingine usiyemjua?

Mimi nimewahi. Utepe mwekundu nikaweka. Na "karibu tena" nikasema.

Sogeeni niwasimulie. Atakayecheka acheke kwa adabu, kidonda bado kibichi.

Mimi ni muuza maua. Duka letu liko kati ya hospitali na ukumbi wa harusi, kwa hiyo biashara haina msimu. Watu wakiugua wanakuja, wakioana wanakuja, na wengi wakishaoana wanaugua.

Bosi wangu tunamwita Mama Mkasi. Mkasi hauachi hata akienda chooni. Yeye ndiye aliyenifundisha siri ya waridi.

Waridi likianza kuchoka, unabandua petali za nje zilizonyauka. Ndani linabaki jipya, linang'aa, mteja anaapa limekatwa leo. Kesho unabandua tena. Sisi tunaita kulivua koti.

"Mvue koti huyo!" Mama Mkasi anakunong'oneza, huku mteja yuko mlangoni anafunga mwavuli.

Shida ni moja. Kila ukilivua, linapungua. Mwishowe unabaki na kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati.

Sasa, kulikuwa na binti. Mlijua tu.

Alikuwa anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, ghorofani, jengo linalotutazama. Nilimwita Tabasamu, maana kazi yake ilikuwa kuwatabasamia watu wanaoenda kulia. Mchana alishuka kununua maji, akapita kwetu kunusa bure.

"Dada, wewe unanusa kama umelipia," nikamwambia siku ya kwanza.

"Na wewe unauza kama umeyapanda wewe."

Basi. Nikaisha.

Tulipendana. Au niseme, mimi nilipenda na yeye akawepo.

Kwao sikuwahi kukanyaga. Kila nikigusia habari ya kwenda kujitambulisha, anashika kichwa.

"Mama yangu humjui. Anataka mkwe mwenye tai. Akisikia unauza maua atakuuliza, 'na mbuzi nao wananunua?'"

"Mwambie mbuzi ndio wateja wangu wazuri, hawaombi punguzo."

"Subiri kwanza, bwana. Nitamlainisha."

Nikasubiri. Kichwani mwangu mama mkwe akaota pembe, akaota na mkia. Nilimwogopa kuliko mwenye nyumba.

Ndipo siku ya kuzaliwa ya huyo mama ikakaribia. Nikasema hapa hapa, mlango wa kuingilia ndio huu.

Kumchagulia mama mkwe ua si mchezo. Ukimpa waridi jekundu, atadhani unamtaka yeye. Ukimpa maua meupe ya shina refu, atadhani unamtakia msiba. Shada kubwa la mchanganyiko? Mimi nafanya kazi hii. Najua ua la kukatwa ni maiti iliyopambwa, tofauti ni kwamba inanukia.

Nilitaka kitu kinachoishi. Na kinachoishi nilikuwa nacho kimoja.

Marehemu mama yangu alipanda asumini karibu na mlango wa jiko. Jioni ikichanua, hata mboga ilikuwa inanukia harusi. Alipofariki, baba mdogo akaiuza nyumba, na aliyeinunua akamwaga zege mpaka ukutani. Nilifika nikakuta wanachanganya saruji. Nikavunja kijiti kimoja, nikakimbia nacho kama mwizi wa kuku.

Nilikiotesha kwenye chungu chenye ufa. Ufa nikauziba kwa gundi, juu yake nikapaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye mkebe wa jirani. Kikawa kichaka. Kikachanua.

Hicho ndicho nilichomchagulia mama mkwe.

"Hiyo unampa nani?" Mama Mkasi akauliza.

"Mama mkwe."

"Amekubali kuwa mama mkwe?"

"Akinusa atakubali."

Akakata hewa kwa mkasi wake, kwachu. "Ua la kukatwa hata tarishi atalifikisha. Lenye mizizi peleka mwenyewe."

Nikamwambia mambo yake ni ya kizamani.

Tabasamu alikuja kuichukua mwenyewe. Nikatoa kadi na kalamu.

"Usiandike," akasema. "Nitamwambia kwa mdomo, taratibu. Ukiandika utamshtua."

Kesho yake sikuweza hata kula. Alipotokea tu mlangoni nikamrukia. "Ameipenda?"

"Sana! Ameiweka dirishani. Kila mgeni anaulizwa kama ameinusa."

Nilicheza katikati ya ndoo za maua mpaka Mama Mkasi akapiga kelele. "Utanimwagia maji, mwendawazimu wewe!"

Acha nicheze, nilisema. Nimekubaliwa.

Haukupita muda mrefu.

Akaingia mwanamume mmoja, dereva, anazungusha funguo kidoleni. Kwapani ana chungu.

"Kaka, nifungie hii ipendeze. Bosi wetu anastaafu."

Nikaona ufa. Nikaona bluu.

Nilihisi kama mtu aliyekutana na suruali yake imevaliwa na jirani.

"Umeipata wapi hii?"

"Mke wangu kaja nayo. Kapewa na mtu, na huyo mtu naye kapewa na mtu. Kwani mnataka na cheti cha kuzaliwa?"

Nikachomoa okidi, ua la bei mbaya kuliko yote dukani. "Chukua hii, kaka. Niachie hiyo."

Akaitazama okidi. Akanitazama mimi. Akaikumbatia asumini.

"Kama wewe mwenye duka unaitaka hivyo, basi ina maana. Funga."

Nikafunga. Utepe mwekundu. Wakati anaangalia simu nikavunja kijiti, nikakificha chini ya meza. Jioni nikakitia kwenye glasi ya maji. Kikaoza.

Mchawi nilishamjua. Mama mkwe. Kaipokea kwa meno, kaitupa kwa mgongo.

Siku ile ile nikamuuliza Tabasamu, nikijifanya sina habari. "Mama bado ana ile asumini?"

"Ipo dirishani."

Hakupepesa jicho. Nami nikajiambia, masikini, ananificha roho mbaya ya mama yake ili nisiumie. Nikampenda zaidi.

Fala hana dawa. Ukimpa dawa anauliza kama ina sukari.

Nikaanza kumchukia yule mama ambaye sijawahi kumwona. Nilikuwa nikibandua petali za waridi nasema moyoni, hili sikio lake, hii pua yake.

Asumini ikarudi tena. Safari hii imeletwa na mzee mstaafu mwenyewe, anatembea nayo mbali na koti lake kama imemkojolea.

"Kijana, nimestaafu nipumzike. Sijastaafu niajiriwe na chungu. Nifungie, nampelekea jirani yangu kalazwa hapo."

"Mzee, mgonjwa anapenda matunda zaidi."

"Matunda nitakula mimi. Funga."

Nikafunga. Nikavunja kijiti kingine. Nacho kikaoza. Mkono uliokiotesha kile cha kwanza sijui ulikwenda wapi.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mvua.

Duka halina mtu. Akaingia mama mmoja mnene kidogo, kalowa mabega, mtandio wake kafunikia chungu badala ya kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnauza vyungu?"

Akafunua. Ufa. Bluu.

Lakini huyu hakutaka karatasi wala utepe. Akakiinua chungu, akanionyesha chini. "Mwone mwenzako alivyobanwa. Mizizi imetoka nje inaomba hewa. Nitafutie kikubwa."

"Umeipata wapi, mama?" Sauti yangu ilitoka kama ya kuku aliyekabwa.

"Shoga yangu alilazwa, akaletewa. Ametoka, anasema mkono wake unaua hata nyasi. Nikamwambia nipe mimi, sisubiri uniulize mara mbili."

Tukaihamisha pamoja. Aliingiza vidole kwenye udongo bila kuuliza kama utamchafua. Akaisemesha, "Polepole, polepole, tunakwenda chumba kikubwa." Marehemu mama yangu alikuwa akiongea na mimea vile vile.

"Aliyeiotesha hii ana mkono," akasema. "Tazama alivyoipunguza, hapa, na hapa. Aliipenda. Halafu akaigawa! Watu bwana."

"Labda alikuwa na sababu."

"Ya kugawa hii? Sababu gani?"

"Labda alitaka apendwe."

Akacheka kwa sauti, kichwa nyuma. Nikaona mwanya. Mwanya ule katikati ya meno ya juu nilikuwa naujua, nilikuwa nautazama kila mchana ukinunua maji.

Moyo ukanishuka mpaka kwenye ndala.

"Na jambo la pili," akasema akipangusa mikono. "Binti yangu anaolewa. Nataka maua ya ukumbini, na shada lake la kushika."

Akatoa simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo mama zetu. Picha. Tabasamu, kaegemea bega la daktari wa meno, bosi wake. Mwenye tai.

"Anafanya kazi hapo juu tu. Hupita hapa?"

"Hupita," nikasema. "Hununua maji."

Mama Mkasi, nyuma ya ndoo, akaacha kukata.

"Hongera, mama," nikaongeza. Ulimi una mambo yake. "Imekuja ghafla?"

"Ghafla! Nilishakata tamaa mimi. Namwambia kila siku, mwanangu, mlete yeyote. Hata fundi viatu, hata mpiga debe, mradi ajue kucheka, nyumba imenuna hii. Ananijibu, mama, sina mtu. Siku yangu ya kuzaliwa ananiletea sahani. Kila mwaka sahani! Nina sahani za kulisha jeshi."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu nini?"

"Alikuletea nini?"

"Sahani."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini ningesema nini? Kwamba hiyo asumini ni yako? Ilikuwa mikononi mwake. Kwamba mimi ndiye? Ndiye nani? Mtu ambaye hajawahi kutajwa hata kwa ubaya.

Miezi yote nilikuwa namwogopa mama mwenye pembe. Kumbe pembe nilichorewa. Mwenyewe ndiye huyu, kalowa mvua, mtandio kalivisha ua.

"Unalia, mwanangu?"

"Mbolea, mama. Inachoma macho."

Akaniangalia. Halafu akavunja kijiti kimoja cha asumini, chenye macho mazuri ya kuchipua, akanipa.

"Naona umeipenda. Kioteshe na wewe, ukampelekee mama yako."

"Asante, mama. Nitampelekea."

Akatoka. Mvua bado. Nilimtazama mpaka kona, chungu kakikumbatia chini ya mtandio, anakipeleka kwake. Kwenye ile nyumba. Kwenye lile dirisha.

Mama Mkasi akaja, akaweka mkasi mezani. Sikuwahi kuuona mkasi ule umepumzika.

Mchana nikampigia Tabasamu.

"Vipi," akasema, sauti ile ya mapokezi.

"Nakuuliza tu. Ile asumini niliyompa mama, bado anayo?"

"Jamani, na wewe! Anayo. Ipo dirishani."

Kwa mara ya kwanza alikuwa anasema kweli, na hakujua.

"Inamfaa," nikasema. "Hongera kwa harusi."

Nyuma yake nikamsikia mgonjwa anapiga mayowe kwenye kiti. Nikamwonea wivu. Yeye angetoka pale bila jino, basi.

Simu ikakatwa. Siku hizi maji ananunua duka la upande wa pili.

Shada lake nililifunga mimi. Nilishawishika, sitawaficha, kulivua koti kila waridi na kumpa yaliyochoka yanayong'aa. Sikufanya. Nilichagua mapya yote, kwa sababu mama yake angekuwepo, na yule angejua.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza ua gani zuri kwa mkwe, kwa mgonjwa, kwa mtu wa moyoni, mimi siku hizi nawauliza kwanza: unaenda nalo mwenyewe? Ukisema unamtuma mtu, nakuuzia la kukatwa. La mizizi sikupi. Lenye mizizi hufika kwake hata likizunguka mji mzima, na likishafika huko, jina lako halimo.

Kile kijiti nilikitia kwenye glasi, dirishani kwangu. Chini kikaanza kuwa cheusi. Nikakata palipo peusi, nikakirudisha majini. Jana pakawa peusi tena, nikakata tena.

Leo asubuhi nimekichungulia. Mzizi hakuna.

Nikikata mara moja zaidi, nitabaki na kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati.