Mtani Aliyesema Pole

Mwaka wa hamsini na tatu mkokoteni wa machungwa ulinipanda mguuni Kariakoo, nikalazwa hospitali wiki sita. Mimi fundi cherehani, kazi yangu ni kukanyaga, na mtu aliyezoea kukanyaga ukimtundika mguu hewani anakuwa mkali kwa kila kitu. Nilikuwa mkali hata kwa chai. Basi kitanda cha kulia kwangu wakamleta Ignasi, Mngoni wa Songea, mchukuzi wa magunia kwenye stoo ya Hasmukh. Alikuwa na ngiri. Miaka miwili kila akijitwisha gunia ilimtoka kinenani, naye akairudisha kwa kiganja na kuendelea na kazi, mpaka ikaanza kukataa kurudi.

Sijapata kuona mtu wa maswali kama yule. Alipopigwa bomba la kusafisha tumbo, aliuliza maji yanapanda mpaka wapi. Aliponyolewa, aliuliza nywele zinatupwa wapi. Alipoambiwa asile wala asinywe kitu kabla ya kupasuliwa, aliuliza dawa ya usingizi ina ugomvi gani na uji.

"Ukitapika usingizini, uji unaingia kwenye mapafu," alimjibu nesi Selina, aliyekuwa na vitanda ishirini vya kuhudumia.

Ignasi akalitafuna jibu hilo kidogo. "Na wakati nimelala, nesi, mimi mwenyewe nitakuwa wapi?"

Kuuliza si ujinga, lakini hilo lilimshinda Selina, akaenda zake. Nami nilikasirika, kwa sababu lilinikaa kichwani siku nzima.

Swali lililomuuma hasa lilikuwa jingine: je, atabeba tena? Daktari alimwambia wazi. Akilala chali siku kumi bila kujikaza, kisha akapumzika miezi mitatu, atabeba. Nyuzi zikifumuka, uchukuzi basi. Na Ignasi hakuwa na kazi nyingine duniani. Magomeni alikuwa na mkewe Paskalina na watoto wanne. Tena sisi wa wodini tulikwisha kuona. Eliakimu, aliyelala kitanda kile kabla yake, aliinuka siku ya tatu kwenda kufunga dirisha tu, akarudishwa kwenye kisu.

Siku moja kabla ya kupasuliwa alikuja kumtazama Vitalis, mchukuzi mwenzake. Vitalis alikuwa Mhehe, na Mhehe na Mngoni ni watani; nani asiyejua? Hakusalimu. Alitoa kamba mfukoni, akampima Ignasi kutoka utosini hadi kisiginoni.

"Kaburi la futi tano linatosha," alisema. "Miguu tutaikunja. Na koti lako nimeshalivaa."

"Livae, angalau siku moja unukie vizuri," alijibu Ignasi, na wodi nzima ikacheka. Mimi pia, mguu ukaniuma.

Kesho yake walimpeleka, na saa sita akarudishwa ananuka dawa, anatapika. Selina alimlowesha midomo kwa pamba. Alipofumbua macho, neno la kwanza: "Mmetoa nini?"

"Hatukutoa kitu. Tumerudisha ndani, tukashona mlango. Usikohoe, usicheke, usiinuke."

Siku ya tatu Vitalis akaja tena. Selina alimkamata mlangoni, karibu kabisa na kitanda changu, nikasikia kila neno: "Ukimchekesha nyuzi zikakatika, familia yake utailisha wewe." Vitalis akavua kofia. Akaingia kwa kunyata, akasimama mikono mbele kama yuko kanisani.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mungu akusaidie. Watoto usiwe na wasiwasi nao."

Akatoka. Ignasi alibaki anatazama dari, uso umemparama.

"Fundi," aliniita. "Umesikia? Mhehe kaniita ndugu. Kasema pole."

"Si ameambiwa na nesi…"

"Kimya kingi kina mshindo, fundi. Ameambiwa kwamba nakufa. Naenda kumuuliza daktari."

Akatupa shuka, mguu mmoja ukashuka chini. Nikamwona Eliakimu na dirisha lake. Niliogopa, wala sioni haya kusema. Nilipiga kelele mpaka nikakauka koo. Selina akaja mbio, akamkamata mabega.

"Hufi, baba! Lala!"

"Usinifiche. Mtani wangu kasema pole!"

Hapo Selina akaelewa. Akamwachia, akakimbia barazani ambako Vitalis alikuwa bado amesimama, akamvuta kwa mkono wa shati mpaka kitandani.

"Mtukane!" aliamrisha. "Upesi!"

Vitalis alimtazama nesi, akautazama ule mguu uliokuwa sakafuni.

"Mngoni gani wewe?" alifoka. "Babu zenu walitembea kutoka kusini kabisa ya Afrika hadi Songea, hawakuchoka. Wewe gunia moja la maharage limekutoa utumbo! Rudisha huo mguu kitandani, bado hatujakunja!"

Ignasi akaurudisha. Akaukumbatia mto juu ya kidonda, akacheka huku analia kwa maumivu, na Vitalis akageukia ukutani kujifuta uso na kofia. Niliwaonea wivu. Mimi walionijia waliniambia pole tu, wakaondoka.

Selina alifunua bandeji. Palikuwa na tone la damu la ukubwa wa punje ya choroko. Nyuzi zote saba zilikuwa mahali pake.

Siku ya kumi zilipotolewa, Ignasi aliziomba zifungwe kwenye karatasi, kwa kuwa alitaka kuona kitu kilichomshikilia. Vitalis alipokuja alimpokonya, kwa haki ya mtani, akatoka nje. Dirishani nikamwona anachimba udongo chini ya ukuta wa ua kwa kidole, anafukia, anashindilia kwa kisigino. Akarudi anapukuta mikono.

"Niliahidi kukuzika, nimekuzika," alisema. "Usinisumbue tena."

Ignasi alicheka mpaka kitanda changu kikatikisika. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, na mto ulikuwa umeanguka chini.