Farasi Aliyedai Kashata

Juzi nilimwaibisha mkaza mwanangu mbele ya wageni wake. Alitukaribisha chai kwenye fleti yao kule Bugolobi, fleti ambayo, sisemi kwa kujisifu, mimi ndiye niliyeinunua. Akaleta sinia, na juu ya sinia bakuli la kioo lenye sukari ya vipande, vile vyeupe vya pembe nne vinavyopangwa kama matofali madogo. Mkono wangu haukuniuliza. Ulichukua viwili ukavitia mfukoni mwa koti. Wageni wakatazama dari. Mwanangu akakohoa. Mkaza mwanangu, mtoto wa watu mwenye adabu zake, akaniinamia akasema polepole, "Baba, kama sukari imewaishia nyumbani nitawafungia kidogo." Mimi! Mtu mwenye malori matano, sukari iniishie!

Nilicheka mpaka chai ikanipalia, na sikuwaeleza kitu. Lakini wewe tumetoka mbali, wewe nitakueleza.

Kwanza ujue kwamba mimi nimepanda farasi. Usicheke. Shule nimeishia darasa la nne, na hilo la nne nilikaa nusu. Lakini nionyeshe msomi mmoja wa Kampala aliyeruka ukuta mgongoni mwa farasi akiwa na miaka kumi na miwili. Nasubiri.

Tulikaa Bwaise, mimi na baba na bibi yangu mzaa baba aliyenilea baada ya mama kufariki. Bwaise unaijua. Mvua ikinyesha kule juu ya vilima, maji yote yanakuja kwetu kusalimia. Vitanda tulivipandisha juu ya matofali, na viatu asubuhi unavitafuta kwa jirani. Babu yake bibi alikuja na wafanyabiashara wa pwani zamani sana, basi bibi akajihesabu mtu wa pwani. Bahari hakuwahi kuiona hata siku moja, lakini ukimsikia anazungumza ungedhani ameachana nayo jana. Alipika kashata za njugu na kuwauzia watoto wa chuo cha Kurani, na mpaka leo harufu ya njugu zinazokaangwa inanitoa machozi kuliko msiba.

Baba alikuwa saisi. Upande wa pili wa barabara ya Bombo, kwenye mteremko, palikuwa na mabanda ya farasi wa Wazungu na Wahindi wenye nafasi, na kazi ya baba ilikuwa kuwalisha farasi hao, kuwaogesha, kuwasafisha kwato na kuwatuliza radi ikipiga. Wanajeshi walipochukua nchi, wenye farasi wakaondoka mmoja mmoja, wengine kwa amri, wengine kwa akili zao. Wakabaki farasi wanne, baba, na Meja mmoja aliyewekwa kuwa mkubwa wa mahali pale. Siku hizo watu walikuwa wakiondoka bila kuaga, na wewe huulizi. Fundi saa wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alichukuliwa asubuhi na gari, na baba akaniambia, "Ukiona gari, tazama kwato za farasi." Nilizitazama sana kwato mimi.

Kati ya wale wanne alikuwamo farasi jike wa rangi ya kahawia, mguu mmoja mweupe. Mwenyewe, memsabu mmoja mwembamba, alikuwa amempa jina la Kizungu lisiloingia mdomoni. Baba akamwita Bibie. Nilipofika miaka sita akanipandisha juu yake bila tandiko, akachukua majani mawili ya mgomba, akaweka moja kila upande, kati ya goti langu na ubavu wa farasi. "Jani likianguka, mavi ya leo unazoa wewe." Mwaka mzima nilizoa mavi. Mwaka wa pili majani yakaanza kukaa. Wa tatu baba akayatupa, akasema magoti yamepata akili, sasa tuifundishe mikono. Kuanguka nilianguka mpaka nikazoea, na tope la pale ni godoro. Kitu kimoja tu alinikataza, kushika kiboko. "Farasi hapigwi," alisema. "Farasi huombwa."

Ninavyokumbuka alfajiri zile! Nyasi tulizokata na umande wake, ngozi ya tandiko iliyopakwa mafuta, pumzi ya Bibie yenye joto shingoni mwangu. Na nikiwa hewani juu ya kiunzi, ule mti wa kurukwa na farasi, kwato zote nne zikiwa hazigusi chini, nchi nzima ilikuwa kimya. Hakuna lori nililonunua limewahi kunipa kile kimya.

Tatizo ni moja. Memsabu alimfundisha Bibie kuruka kwa sukari ya vipande. Kila akimaliza kuruka, kipande. Halafu sukari ikapotea nchini. Walio na umri wangu wanajua. Sabuni ilipotea, chumvi ikapotea, lakini sukari ndiyo iliyowatoa watu wazima machozi. Chai tukanywa kavu. Bibi akitumiminia husema, "Kunywa, halafu kumbuka." Sisi tulikumbuka. Bibie alikataa kukumbuka. Alikuwa akiruka kiunzi kimoja, anageuka kunusa mkono wangu, anaukuta mtupu, basi. Anasimama kama nguzo ya simu.

Siku moja Meja akamkuta amesimama hivyo. Alikuwa mtu mnene, fimbo fupi kwapani, na Kiswahili chake cha kambini. "Saisi! Hii farasi iko nakula majani ya serikali bure. Wiki tatu, iko maonyesho. Wakubwa yote nakuja. Kama yeye naruka mpaka mwisho, sawa. Kama hapana, mimi napeleka yeye kwa mbwa ya kambi. Mbwa pia iko na njaa."

"Ndiyo, afande," baba akasema. Watoto watatu wa maafisa walikuwa wameshapewa farasi watatu wazima. Bibie hakuna aliyemtaka, nikapewa mimi.

Bibi alikuwa na kopo la sukari chini ya kitanda, limefungwa kwa kitambaa, robo tu, la hitima ya babu. Hitima haisomwi kwa chai kavu, alisema, marehemu asije akadhani amesahauliwa. Nikaanza kudokoa. Konzi leo, konzi kesho, natia mfuko wa shati. Nilijiona mjanja kuliko Kampala yote, ila sikuwafikiria sisimizi. Asubuhi moja bibi akauona mstari wao ukutani, akaufuata kwa kidole polepole, kama mtu anayesoma msahafu, mpaka kwenye shati langu lililoning'inia msumarini.

"We mwana. Sukari ya marehemu unampa nani?"

"Farasi, bibi."

Nikasubiri mwiko. Mwiko haukuja. Nikamwambia habari za mbwa.

"Watamla Bibie?"

"Ndiyo, bibi."

"Na baba yako, asipokuwa na farasi, yule Meja atamfanya nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. 

Sasa, ng'ambo ya mfereji alikaa jirani yetu, mama mmoja wa Kiganda mwenye mikono kama ya mpiga ngoma, mpika waragi. Jumapili alikwenda misa Lubaga kwa miguu, viatu kichwani, avivae akishafika, na siku nyingine zote alipika ile pombe. Waragi wake aliupika kwa sukari guru, yale mabonge meusi ya maji ya miwa, na hiyo haikupotea kamwe, maana haikupitia dukani. Miaka tisa bibi hakumsalimu. Upepo ukigeuka moshi ukaja kwetu, bibi alisema audhubillahi akafunga dirisha.

Siku ile bibi alivaa buibui lake la Idi, akavuka ubao wa mfereji, mimi nyuma yake.

"Hodi."

Jirani akaangusha upawa, akamwita bibi kwa Kiganda. "Jjajja! Leo mvua itanyesha mawe!"

"Mwanangu, nimekuja kuomba."

"Wewe omba mimi? Kale, sawa, kaa chini kwanza. Nakupa chai?"

"Chai yenyewe unapikia sufuria gani?"

"Sufuria ya chai, Jjajja. Ile ya dhambi iko kule nyuma."

Bibi alificha uso kwenye buibui, na mabega yakatikisika. Nikadhani analia. Wallahi alikuwa anacheka.

Tulirudi na bonge zima limefungwa kwenye jani la mgomba. Bibi akaliosha kwa bismillahi liwe safi. Likapungua. Akaliosha tena, likapungua zaidi. Mara ya tatu akaona usafi wake utalimaliza. "Basi," akasema, "muwa haukujua utapikwa nini." Akakaanga njugu, akapika kashata nyeusi, ngumu, zenye harufu ya moshi. Bibie alipopewa ya kwanza alifumba macho, na masikio yote mawili yakalala pembeni.

Jirani hakuishia hapo. "Na farasi yako naruka nini?" akaniuliza. Nikasema miti yetu imeibwa kuni. Akanipa mapipa kumi matupu. Kila mchana niliyabingirisha kuvuka barabara, watu wakinusa na kuniuliza napeleka harusi wapi, na jioni niliyarudisha. Mapipa mawili na mti mmoja juu ni kiunzi kimoja. Viunzi vitano, na baada ya cha tano, kashata. "Tano, kama sala," bibi akasema, akaridhika. Wiki tatu tuliruka hivyo, mpaka Bibie akawa hahitaji kuongozwa.

Siku ya maonyesho ikafika. Bendera, bendi, viti vya wakubwa chini ya turubai, na katikati mkubwa mmoja aliyewazidi wote, ambaye hata Meja alimtazama kwa jicho moja. Watoto wa maafisa walivaa kofia nyeusi zinazong'aa. Mimi nilivaa buti za baba zilizojazwa magazeti, na mfukoni kashata moja. Nikaingia uwanjani kifua mbele, nikahesabu viunzi. Nikahesabu tena. Vilikuwa saba.

Cha kwanza tulikiruka kama mchezo. Cha pili, cha tatu, watu wakaanza kupiga makofi. Cha nne. Cha tano, mama yangu, tulikiruka na nafasi ya mbuzi kupita chini. Kisha Bibie akapunguza mwendo, akasimama mbele ya turubai la wakubwa, mahali hasa ambapo asingesimama mtu mwenye akili, akageuza shingo, akaweka midomo kwenye mfuko wangu. Kazi amemaliza, anadai chake.

Makofi yakafa. Bendi ikanyamaza. "Piga!" Meja akapiga kelele. "Wewe kijana, piga yeye!" Kuna mtu akanirushia fimbo, ikaanguka mchangani. Nikamtazama baba kwenye kamba iliyozunguka uwanja. Alisimama mikono imening'inia, na sijapata kumwona mtu mzima akiwa mdogo vile. Lakini midomo yake ilitikisika, na neno lenyewe nililijua. Omba.

Nikainama sikioni mwa Bibie. "Tafadhali, mama. Bado viwili." Nikatoa kashata nikampa.

Hujawahi kusikia njugu zikivunjika kwenye meno ya farasi mbele ya serikali nzima. Zilivunjika taratibu. Yule mkubwa akajisogeza mbele kitini. "Iko nakula nini?"

"Ka-kashata, afande," Meja akasema.

Mkubwa akamtazama Bibie akitafuna. Halafu akacheka. Wakacheka wa karibu yake, kisha wa nyuma yao, kisha Meja, kila mtu kwa kufuata cheo, mpaka kicheko kikafika kwa waliosimama kwenye kamba. Bibie akalamba midomo, akashusha pumzi, akaondoka mwenyewe. Cha sita. Cha saba kilikuwa ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya matofali, na juu yake ule ukimya wangu ukanikuta. Hakuna mti hata mmoja ulioanguka nyuma yetu. Waamuzi walinikata alama kwa kule kusimama, nikawa wa tatu. Tulikuwa wanne, lakini yule wa nne alianguka vibaya sana.

Kabla ya kuondoka mkubwa alitoa amri: ile farasi ipewe sukari. Na amri siku hizo ilikuwa amri. Kila mwezi likaja gunia na karatasi ya mhuri, sukari ya farasi. Bibie alipata chake kwanza, baba alikuwa mwaminifu. Ila farasi mmoja hamalizi gunia. Bwaise nzima ikajua adabu. Wazee walionipita bila kunijibu salamu wakawa wananisimamisha njiani, "Kijana, Bibie hajambo?" Nami najibu kwa maringo, "Hajambo, anakusalimu," na jioni nakwenda na kikopo chini ya shati.

Lakini kikopo cha kwanza kabisa bibi alikifunika kwa kitambaa cheupe, akanituma kuvuka ubao. "Mwambie ni ya chai. Ya chai tu." Na hitima ya babu iliposomwa, jirani alikaa mlangoni, kilemba kichwani, akanywa vikombe vitatu.

Bibie alikufa kwa uzee, kichwa mapajani mwa baba. Vita vilipokuja mabati ya mabanda yakaondoka na wapitaji, na leo pale wanaosha magari. Jirani ametangulia, baba akafuata, bibi akafuata bila kuiona bahari. Badala ya ule ubao wa mfereji wamejenga daraja la saruji, zuri, na watu wanavuka bila kubisha hodi kwa mtu. Sukari sasa imejaa kila duka, na mimi daktari amenikataza kuigusa.

Jana mke wangu amefungua kabati akapiga kelele. Sisimizi, mstari mrefu, kutoka dirishani hadi kwenye koti langu zuri. "Mzee, umeweka nini humu?" Akashika ufagio. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikaweka kidole ukutani, nikaufuata ule mstari polepole mpaka mfukoni.