Nilirudia sahani ya pweza kwa mama mkwe, na mwamba umefungwa

Admini nifichie jina, na kijiji nakiweka kapuni maana huku wanaousoma ukurasa huu ni wengi. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, kwetu Mitole, kwa wakulima wa korosho. Nasoma stashahada ya uhifadhi wa maliasili, mwaka wa mwisho. Wenzangu karibu wote wanautaka uaskari wa wanyamapori, wavae magwanda wakae porini. Mimi nilichagua bahari na hata kuogelea sijui, wakanicheka mpaka nikazoea.

Nimepangiwa fildi kijiji kimoja cha pwani hapa Kilwa. Wanakijiji wamekubaliana kuufunga mwamba miezi mitatu ili pweza wakue, haruhusiwi kuchokolewa hata mmoja. Kazi yangu ni kwenda na watu wa doria na kuandika ninachokiona. Katibu wa doria ndiye mchumba wangu. Tulijuana hapa hapa, mwezi haujaisha akapeleka barua ya posa nyumbani na baba akaikubali. Nilijiona nina nyota.

Ijumaa iliyopita mama yake alinialika chakula cha mchana, wali wa nazi na pweza. Sisi wa Mitole pweza tunayemjua ni mkavu, unamtafuna mpaka taya zinauma. Huyu alikuwa laini, nami bila kujiuliza nikaongeza sahani. Nilipotoka uani kuosha vyombo nikakuta jiwe limelowa wino mweusi, na pembeni kuku wanagombania ngozi mbichi. Pweza mkavu hana wino jamani.

Nikamuuliza mchumba wangu kwa upole. Akasema ni mkavu, mama kamloweka tangu jana. Mama mkwe akasikia, akaja akitabasamu.

"Mwanangu, si umekula na wewe? Basi umeshakuwa wa nyumba hii."

Tangu siku hiyo kila kitu nakitazama upya. Upande wa kusini wa mwamba sijawahi kufika, kila tukipanga kwenda mchumba wangu ananiambia boti haina mafuta. Daftari langu huwa analibeba yeye, nami nikidhani ni mapenzi. Na ile posa ya haraka, alinitaka mimi au aliitaka kalamu yangu? Labda namuonea, labda ni pweza mmoja tu wa kumkirimu mkwe. Sijui, na kumuuliza tena naogopa.

Jumatatu mwalimu anakuja kuchukua ripoti. Amesema ikiwa nzuri ataniombea mkataba kwenye mradi wa bahari, kazi ninayoililia tangu naanza chuo. Lakini ripoti lazima isainiwe na katibu wa doria. Nikiandika ukweli posa imekufa na baba ataaibika. Nikinyamaza, huo uhifadhi nimesomea nini?

Kinachoniumiza zaidi ni bibi aliyenipa chumba. Maisha yake yote yeye ni pweza, na tangu mwamba ufungwe chuma chake cha kuchokolea kimeegemea ukuta wa jiko, anakula ugali na kisamvu bila kulalamika. Jana kaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe ndo unayekwenda huko. Pweza wetu wanakua?"

Nikamjibu wanakua, bibi. Sikuweza kumtazama.

Nishaurini wenzangu, Jumatatu niandike nini? Na nikiandika, niandike pia kwamba nilirudia sahani?