Chemchemi Kumi na Moja za Edinah

Simu ilimkuta Edinah katika soko la Chwele, ameshika mkungu wa ndizi ambao alikuwa ameuteremsha bei mara mbili na bado hajaridhika.

"Dada Edinah, uko na mtu hapo?" Ilikuwa sauti ya Nderitu, rafiki wa kaka yake Wabwile, akipiga kutoka Kitale.

"Niko na soko mzima. Sema."

"Kaa chini kwanza."

"Nikae wapi, juu ya ndizi?"

Nderitu hakucheka. Alisema Wabwile amefariki asubuhi hiyo hospitalini. Homa ya mapafu ilikuwa imemshinda.

Edinah aliuweka mkungu chini polepole. Mwenye ndizi akadhani ni mbinu. "Haya basi mama, chukua kwa ile bei yako. Ati unaniacha hivyo? Si urudi, bana!"

Hakurudi. Alikuwa mwanamke wa sala, lakini kilichomjia kwanza hakikuwa sala. Alijiambia: ile mvua ilikuwa yangu.

Wabwile alikuwa kitinda mimba wa Mama Nakhumicha wa Bumula. Baada ya kidato cha nne alijifundisha kompyuta kwa kuzifungua na kuzifunga, akapata kibanda cha kuzitengeneza huko Kitale, upande wa Kipsongo. Mwaka wa 2007, yeye na Nderitu, mtoto wa wakulima wa Trans-Nzoia, walianzisha kitu ambacho mama yake alikiita "ile daftari ya mtandao". Ilikuwa katalogi huria ya data. Shule fulani hupima mvua kila asubuhi, zahanati fulani ina rejista ya malaria ya miaka ishirini, mzee fulani ameandika chemchemi yake hupungua mwezi gani. Habari hizo zote zilikuwapo, ila zilikuwa zimefungiwa makabatini. Katalogi ilisema nani ana nini, yuko wapi, na ni lini mtu alikwenda kuhakikisha mara ya mwisho. Hata programu yenyewe ilikuwa ya wote: yeyote angeweza kuichukua bure, kuitazama ndani, kuirekebisha na kuirudisha.

Sharti lilikuwa moja. Hakuna kinachofutwa. Ukikosea, kosa linabaki pale pale, na chini yake unaandika marekebisho, tarehe na jina lako.

Kila mwisho wa mwezi Wabwile aliwaandikia wenzake ripoti: wangapi wamechangia, barua gani hazijajibiwa, nani amenyamaza na anafaa kupigiwa simu.

"Mgonjwa yuko aje?" Nderitu angemtania kuhusu katalogi.

"Ako sawa. Leo amekula."

Edinah alipewa chemchemi kumi na moja za Bumula. Kazi yake ilikuwa kuzizungukia kwa miguu mara moja kwa mwezi, kuyaona maji, kisha kumtumia Wabwile ujumbe wa simu. Kwa kuwa Edinah hakuwa na kompyuta, Wabwile ndiye aliyeingiza habari zile, na jina lililoonekana chini yake lilikuwa la Wabwile.

Miezi ya kwanza alizizungukia zote. Kisha akachaguliwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, na Jumamosi zake zikaliwa na mazoezi. Akawaza: si watu wote wanaochota maji kule nakutana nao kanisani? Basi baada ya ibada, mlangoni, akawa anauliza habari za chemchemi moja moja.

"Maji ya Mukhweya iko?"

"Iko, dada. Tunashukuru Mungu."

Nani atasimama mlangoni pa kanisa, amevaa nguo ya Jumapili na mchungaji amemshika mkono, aseme chemchemi yetu imegeuka tope? Pale hata mwenye malaria hujibu kuwa ni mzima. Edinah alilijua hilo, maana yeye mwenyewe ndivyo alivyojibu kila Jumapili. Hata hivyo alituma ujumbe: "Zote kumi na moja nimeziona." Alifanya hivyo miezi mitano.

Februari 2009, kikundi kimoja cha Kitale kiliisoma katalogi, kikaleta lori la mabomba mpaka Mukhweya ili kufikisha maji kwenye shule ya chekechea. Walikuta tope na nyayo za ng'ombe. Nderitu alipata aibu kubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyewapeleka. Akaandika mahali ambapo wachangiaji wote walisoma: "Nani aliyaona maji haya? Kama tunaandika ndoto, tufunge."

Wabwile akampigia dada yake.

"Edinah, uliiona kwa macho?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na watu wa kanisa."

Alicheka kidogo. Edinah aliona afadhali angemtukana. "Wacha tu," Wabwile akasema. "Nitazizunguka mimi."

Kisha akawaandikia wenzake: "Kosa ni langu. Wabwile."

Edinah aliposikia hivyo alishusha pumzi. Baadaye, kila alipopiga magoti, pumzi ile ndiyo iliyomrudia.

Kabla ya aibu ile wachangiaji walikuwa arobaini. Kufikia Aprili walibaki tisa. Barua zilikaa bila majibu, na mtu aliyerekebisha kasoro ya programu hakuambiwa hata asante. Wabwile akawa anafunga kibanda kila Alhamisi, anashuka Bungoma, anaazima baiskeli, anazungukia chemchemi. Mvua ya masika ilimpiga. Alipita kwa dada yake akiwa ameloa, naye alimpa chai na shuka. Hata siku moja Edinah hakusema, leo nitaenda mimi. Mei akaanza kukohoa. Juni ndipo simu ikampata Chwele.

Siku moja kabla ya mazishi, ami yao Wamalwa, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alimletea Edinah karatasi aandike wasifu wa marehemu.

"Andika mazuri tu, na iwe fupi. Pastor ana mazishi ingine."

Alipokuwa akiandika, Nderitu alifika na ripoti ya mwisho ya Wabwile, ameichapisha. Ilikuwa mistari michache: "Bumula, chemchemi kumi na moja, zote zimeonekana. Mukhweya imekauka. Tumebaki tisa, wawili wamerudi. Wapigieni walionyamaza."

Nderitu aliketi, akazungusha kofia yake mkononi. "Mimi ndio nilimvunja, dada. Ningempigia simu tu. Nikaenda kumwandika mbele ya watu, naye akaanza kutembea kwa mvua. Tangu siku ile sina amani."

Edinah alikuwa na kalamu mkononi. Angeweza kusema pale pale, wakiwa wawili.

"Kunywa chai," akasema.

Kesho yake, Jumamosi, alisimama mbele ya jeneza akasoma. Alisoma Wabwile alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani. Karatasi ikaisha. Wamalwa akanyoosha mkono apokee kipaza sauti.

"Kuna marekebisho," Edinah akasema.

"Edinah, wachana na hayo."

"Ami, niache nimalize." Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Marehemu aliandika kosa la Mukhweya ni lake. Si lake. Sikwenda, na nikasema nimeona. Alipokuwa ananyeshewa, alikuwa kwa njia yangu. Nderitu, wewe hukumvunja. Mungu anisamehe, na mama anisamehe. Tarehe ishirini Juni, elfu mbili na tisa. Edinah."

Mama Nakhumicha hakuinua macho kutoka kwenye jeneza. Nderitu alikuwa ameinamisha kichwa, kofia imemwangukia miguuni.

Mchungaji akaomba, maombi mafupi. Vijana sita wakalibeba jeneza mpaka kwenye kaburi, kando ya la baba yao, nyuma ya migomba. Kwaya ya akina mama iliimba bila kiongozi wake. Jeneza likateremshwa kwa kamba. Mama alitupa udongo wa kwanza, kisha Edinah. Nderitu alipewa koleo, akafukia na wengine mpaka udongo ukawa kilima. Msalaba wa mbao ukasimamishwa, ukiwa na jina na miaka miwili, 1978 na 2009. Maua yakawekwa. Mchungaji alitoa baraka, akaingia kwenye gari, na watu wakaanza kuagana.