Mafuta ya Nazi kwenye Tundu la Kibodi

Kila nikipasha mafuta ya nazi nijipake, harufu yake hunirudisha kwenye kompyuta yetu kongwe ya nyumbani Mtopanga, mimi ambaye hata kwenda Likoni, kuvuka feri tu, naona safari. Dada alikuwa akichapa barua ya kuomba kazi ng'ambo, kibodi ikafa ghafla. Akaichomoa, akachungulia tundu lake la mviringo nyuma ya kompyuta, akanusa.

"Mama, umepika nini humu?"

"Nilitia tone moja tu, mwanangu. Kufuli si huzitia mafuta, chumvi ya bahari isizile?"

"Haya, na tambi tutatia lini?"

Mama akacheka, lakini barua ilitakiwa jioni ile ile. Dada akazima kompyuta, akasafisha tundu kwa pamba na spiriti, akanyoosha pini moja ya plagi iliyopinda. Mimi nilikuwa nikimwomba Mungu kimoyomoyo tundu lisipone. Dada ndiye aliyekuwa akinisuka nywele na kunitania, na kitanda tulilala kimoja.

Akawasha. Vitaa vitatu vya kijani vikawaka kwenye kibodi. Mama akapiga vigelegele. Mimi nikasema nakwenda kuanua nguo, na siku hiyo hatukuwa tumefua.